Wenzangu wanataka niwe tabibu, mimi nataka upanga: nichague fani gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeingia kwenye kundi la wenzangu wanaocheza Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, kila Jumamosi. Mmoja ni mbabe, wa pili mjanja, wa tatu mchawi. Mimi niliyekuja mwisho nimeambiwa niwe kasisi ili niwatibu, maana eti kundi lisilo na tabibu hufa lote. Lakini napenda kuwa mbele na upanga, siyo kukaa nyuma nahesabu majeraha ya watu. Tunaanza ngazi ya kwanza. Je, niwasikilize? Nikichagua fani nyingine tutashindwa? Na nikikosea, naweza kubadili?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Chukua paladini, yaani shujaa mtakatifu mwenye upanga na uponyaji kidogo, simama mbele na upanga wako. Kundi lenu halitaangamia kwa sababu hiyo. Wenzako wameona jambo moja la kweli: lazima awepo mtu wa kumwinua aliyeanguka. Nisichokubaliana nacho ni kudhani kwamba kazi hiyo ni ya mtu mmoja, na kwamba mtu huyo hana kazi nyingine.

Hesabu nitakazokupa ni za toleo la tano, kanuni za mwaka 2014, kwa sababu msingi wake uliwekwa huru Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons na mnaweza kuusoma bila kununua kitabu. Kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2024. Kama msimulizi wenu, yaani anayeuongoza mchezo, anatumia zile mpya, nitakuonyesha panapobadilika jambo la maana. Muulize mapema, maana tofauti nyingine zinagusa fani yako moja kwa moja.

Imani ya tabibu wa lazima ina umri wa mchezo wenyewe. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974 zilikuwepo fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi, ambaye ndiye mzazi wa mjanja wa leo, aliongezwa mwaka 1975. Kati ya wale watatu wa kwanza, uponyaji ulikuwa mkononi mwa kasisi, basi kundi lilimtafuta. Michezo ya kompyuta ikauchukua mgawanyo huo na kuukaza: mmoja apokee mapigo, mmoja atibu, waliobaki waue. Toleo la nne, mwaka 2008, likauandika kitabuni waziwazi, kila fani ikapewa jukumu lake: mlinzi, mshambuliaji, kiongozi au mdhibiti. Toleo la tano likaziondoa lebo hizo. Fani 12 za kitabu chake cha msingi hazina tena jukumu lililoandikwa, na ukizipitia utaona sababu. Uponyaji umetawanywa kwa kasisi, druidi (mchawi wa nguvu za asili), manju, paladini, hata mwindaji wa porini. Wenzako wanacheza kanuni za leo kwa hofu ya jana.

Tuipime hofu hiyo kwa namba. Chukua goblini, adui ambaye makundi mengi hukutana naye mwanzoni. Ana pointi 7 za uhai na kinga ya 15. Akishambulia anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza 4. Akifikia kinga yako au kuizidi, amekupata, na pigo lake ni dadu ya pande 6 ukiongeza 2, wastani wa 5.5. Mchawi wenu, kama amegawa namba zake kawaida, ana kinga ya 12 hivi na uhai wa 8. Goblini atampata mara 65 katika 100. Wakimfikia watatu katika raundi moja, atapoteza kwa wastani karibu pointi 11. Ameshalala chini.

Sasa mtazame tabibu anayetakiwa kumwokoa. Kasisi wa ngazi ya kwanza ana nafasi mbili tu za uchawi hadi alale usingizi mrefu wa saa 8. Akimgusa majeruhi kwa Cure Wounds anarudisha dadu moja ya pande 8 pamoja na nyongeza ya Busara yake, tuseme 3: wastani wa 7.5. Kwa hiyo ametumia zamu yake nzima na nusu ya uchawi wake wa siku kurudisha kidogo kuliko kile maadui watatu wanachokiondoa kwa raundi moja, nao maadui wote wako hai na wanasubiri raundi ijayo. Kanuni za 2024 zimeongeza dadu ya pili, wastani ukawa 12, na hapo tiba imepata uzito. Hata hivyo nafasi ni zilezile mbili. Kutibu tu bila kuwapunguza maadui ni sawa na kukinga kikombe chini ya bati linalovuja.

Sasa waweke goblini haohao watatu mbele yako wewe, umevaa deraya ya minyororo yenye kinga 16 na ngao inayoongeza 2. Kinga yako ni 18, na goblini atakupata mara 35 tu katika 100. Wote watatu watakuondolea kama pointi 6 kwa raundi. Umeliokolea kundi pointi 5 bila kutumia uchawi wowote, na zamu yako bado unayo mkononi. Ukiitumia kumuua goblini mmoja, umeondoa mapigo yake ya raundi zote zilizobaki. Hiyo nayo ni tiba, tena ya kabla ya jeraha.

Kuna jingine ambalo nadhani wenzako hawajaliona. Mchawi wenu, kwa kanuni za 2014, anaweza kuchukua uchawi wa Sleep. Anarusha dadu tano za pande 8, wastani wa 22.5, na kuwalaza viumbe kuanzia mwenye uhai mdogo mpaka jumla hiyo iishe. Goblini watatu wana jumla ya 21. Kwa nafasi moja ya uchawi pambano linaweza kuisha kabla mtu hajakwaruzwa. Katika ngazi mbili za mwanzo, anayeokoa maisha mengi zaidi kwenye kundi lenu huenda ni huyo mchawi, kwa sharti moja: awe bado amesimama zamu yake ikifika. Ndiyo maana kundi lenu linakuhitaji mbele. Kumbuka tu kwamba mwaka 2024 uchawi huo umebadilishwa, adui sasa anapewa nafasi ya kuukwepa, kwa hiyo hautegemewi vilevile.

Kuhusu kukaa mbele, niseme kwa uwazi kwa sababu wengi wanaotoka kwenye michezo ya kompyuta huchanganyikiwa hapa. Katika D&D hakuna kitufe cha kumlazimisha adui akushambulie wewe. Goblini mwenye akili atakuzunguka na kumfuata mchawi. Ulichonacho ni mambo mawili. La kwanza ni mahali unaposimama. Mlangoni, kwenye ngazi nyembamba, kati ya miti miwili: popote ambapo mtu mmoja anaziba njia, hapo ndipo pako. La pili ni mwitikio wako mmoja kwa raundi. Adui akiondoka kwenye eneo unalolifikia bila kujitoa kwa uangalifu, unampiga papo hapo ingawa si zamu yako. Pigo hilo ndilo linalomfanya afikiri mara mbili, lakini ni lazima liwe linauma.

Kwa sababu hiyo, utakapofika ngazi ya pili na kuambiwa uchague mtindo wa kupigana, usikimbilie ule unaoongeza kinga kwa 1. Ni chaguo salama, na wengi watakushauri hivyo. Mimi naona kwa kundi lenu, chukua Dueling, unaoongeza 2 kwenye kila pigo la silaha ya mkono mmoja. Mtindo huo haukatazi ngao, unaishika kama kawaida. Mpiganaji asiyepigika na asiyeumiza hupuuzwa na kila adui mwenye macho.

Turudi sasa kwenye ile kweli ya wenzako, kwa sababu ni nzito na ni lazima uwe na jibu lake. Mhusika akifikia 0, kwa kawaida hafi palepale. Anazimia, na kila zamu yake inapofika anarusha dadu ya pande 20: 10 na kuendelea ni kufaulu, chini ya hapo ni kufeli. Akifaulu mara tatu anatulia, akifeli mara tatu amekufa. Akipata 1 anahesabiwa kufeli mara mbili. Akipata 20 anaamka na pointi moja. Sasa zingatia hili: akirudishiwa pointi yoyote, hata moja, anaamka na zamu ijayo anapigana kama kawaida, bila kupunguziwa chochote. Ndiyo maana makundi yaliyozoea hayatibu mikwaruzo katikati ya vita. Yanasubiri mtu aanguke, yanamwinua kwa kiasi kidogo kabisa, kisha yanaendelea kuua. Mikwaruzo inatibiwa baada ya vita, watu wakipumzika.

Paladini anaifanya kazi hiyo tangu ngazi ya kwanza. Ana akiba ya uponyaji wa mikono, pointi 5 kwa kila ngazi aliyonayo, na anaweza kuigawa apendavyo. Ngazi ya kwanza una pointi 5: ukimpa kila aliyeanguka pointi moja, umewainua watu watano kwa siku. Kasisi wa ngazi hiyo ana nafasi mbili za uchawi. Udhaifu wako ni kwamba lazima umfikie majeruhi na kumgusa, na kwa kanuni za 2014 unatumia tendo zima la zamu yako. (Mwaka 2024 imefanywa tendo dogo, kwa hiyo unamwinua mtu na bado unapiga. Kama mnatumia kanuni hizo, sioni hata cha kubishania.) Kasisi, druidi na manju wana Healing Word, inayofika futi 60 kwa tendo dogo, na hapo wanakuzidi kweli. Sitakuficha hilo.

Pengo hilo mlizibe kwa fedha za kundi. Sanduku la tabibu ni sarafu 5 za dhahabu, linatumika mara 10, na yeyote akilitumia kwa mtu aliyezimia anamtuliza bila kurusha dadu. Mjanja alibebe. Chupa ya dawa ya uponyaji ni sarafu 50, ghali kwa wanaoanza, lakini inarudisha wastani wa 7 na mtu yeyote anaweza kumnywesha mwenzake. Dhahabu ya kwanza mtakayopata iende huko kabla ya mtu kuota upanga wa kupendeza. Mkiwa na chupa mbili, moja kwa mbabe na moja kwa mjanja, wewe ukiwa na mikono yako, kundi lina watu watatu wa kuinua wengine. Kundi lenye tabibu mmoja tu linakwama siku tabibu ndiye aliyeanguka.

Mhusika mwenyewe mjenge hivi. Namba sita za kawaida ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Weka 15 kwenye Nguvu, 14 kwenye Haiba, 13 kwenye Ustahimilivu, 12 kwenye Busara, 10 kwenye Wepesi na 8 kwenye Akili. Ukiwa chotara wa binadamu na elfi unaongezewa 2 kwenye Haiba na 1 kwenye sifa mbili nyingine. Ziende kwenye Nguvu na Ustahimilivu. Utaanza na Nguvu 16, Haiba 16, Ustahimilivu 14, uhai wa 12. Deraya ya minyororo na ngao vinakuja na vifaa vyako vya mwanzo. Upanga wako ni dadu ya pande 8 ukiongeza 3, wastani wa 7.5, ambao mara nyingi unatosha kumlaza goblini kwa pigo moja, na dhidi ya kinga yake ya 15 utampata mara 55 katika 100.

Ngazi ya pili unapata uchawi. Chukua Bless na uipende. Watu watatu utakaowachagua wanaongeza dadu ya pande 4 kwenye kila shambulio na kila jaribio la kujiokoa (dadu unayorusha kukwepa uchawi, sumu na mengineyo), kwa hadi dakika moja, ambayo ndani ya mchezo ni raundi 10. Inahitaji umakini wako, yaani ukipigwa unarusha dadu kuona kama imekatika. Wanaoanza huiona ndogo kwa sababu haina moto wala kelele, kisha vita vinaisha raundi moja mapema na hawajui kwa nini. Nafasi nyingine iweke kwa ajili ya Divine Smite: ukishampata adui unaamua kuongeza dadu mbili za pande 8 kwenye pigo hilo. Unaamua baada ya kujua umempata, haipotei bure. Ukirusha 20, dadu zote hizo zinaongezwa maradufu, na nakuhakikishia meza nzima itasimama.

Cha kuwaambia wenzako wanaotaka ulinzi ni hiki: paladini akifika ngazi ya sita, yeye na kila rafiki aliye ndani ya futi 10 kutoka kwake anaongeza nyongeza ya Haiba yake kwenye majaribio yote ya kujiokoa. Sumu, hofu, moto wa joka, vyote. Haitumii nafasi ya uchawi, haiishi, inafanya kazi muda wote ukiwa na fahamu. Kwa maoni yangu hakuna fani nyingine inayolilinda kundi hivyo bila kutumia hata tendo moja.

Tena kukaa kwako mbele kunamfaa kila mmoja wao. Mjanja anapata dadu yake ya ziada ya shambulio la kuvizia iwapo rafiki mwenye fahamu yuko futi 5 kutoka kwa adui, hata kama hajajificha. Wewe ndiye rafiki huyo. Mbabe anapokea nusu ya madhara ya silaha za kawaida akiwa na hasira, lakini ngazi ya kwanza hasira ni mbili tu kwa siku. Pambano la tatu likija, kinga yenu ya mbele ni wewe.

Ungeniuliza kuhusu mpiganaji wa kawaida ningesema ni fani nzuri, rahisi kujifunza, ila kwa kundi hili isingejibu swali la nani amwinue aliyeanguka. Na kasisi usimdharau. Ukivutiwa na uchawi mwingi unaoweza kuubadili kila asubuhi, kasisi wa uwanja wa Uhai huvaa deraya nzito, kinga yake ni 18 kama yako, na akifika ngazi ya tano anaita roho za walinzi zinazomzunguka futi 15 pande zote na kumchoma kila adui aliyeingia kwa dadu tatu za pande 8. Kasisi wa namna hiyo hutembea katikati ya maadui, hakai nyuma. Kama ungeniandikia kwamba unapenda kupanga na kuchagua, ningekuelekeza kwake. Uliniandikia upanga.

Kuhusu kubadili: kanuni hazina njia rahisi ya kufuta fani na kuandika nyingine, kwa hiyo ni makubaliano yako na msimulizi. Mwombe kabla ya kikao cha kwanza akubaliane na kundi zima kwamba hadi mwisho wa ngazi ya pili yeyote anaweza kubadili fani huku akibaki na jina na historia yake ya mhusika. Wasimulizi wengi hukubali, kwa sababu bado hadithi haijajifunga na uwezo wa mtu fulani. Ngazi ya tatu usiipite bila kuamua, maana hapo unakula kiapo cha upaladini na msimulizi ataanza kukijengea visa.

Jumamosi nenda na karatasi ya paladini iliyokamilika, na orodha ya manunuzi: sanduku la tabibu, nani atalibeba, nani atapata chupa ya kwanza. Waulize pia mchawi amechukua uchawi gani. Asipokuwa na wa kuwazuia maadui wengi kwa pamoja, hilo ndilo pengo la kujadiliwa mezani kabla ya mambo ya tabibu.